Moshi wa Siku ya Pili

"Kamuua! Kamuua kwa mikono yake ileile, na bakuli langu hajarudisha mpaka leo!"

Huyo ni bibi yangu Crocifissa, anaipigia runinga kelele kama vile jaji anamsikia.

"Bibi, mtu hafungwi miaka thelathini kwa sababu ya bakuli," nikamjibu, na mimi nimeshapandisha sauti.

"Nyamaza wewe! Umemaliza shule juzi tu, leo umeshakuwa wakili?"

"Na wewe uliacha darasa la tatu, leo umeshakuwa jaji."

Shangazi Nunzia akacheka mpaka sindano ya kufumia ikamponyoka. Bibi akanirushia ganda la lozi. Likanipata sikioni.

Wiki ya tatu hiyo tunaangalia kesi ya Rosalba Vinciguerra, jirani yetu wa mtaa wa juu, anayeshtakiwa kwamba alimsukuma mumewe Gaspare ndani ya tangi la maji kule kwenye mizabibu. Kituo cha mkoa kinaonyesha moja kwa moja, na kila nyumba ya mji huu ina jaji wake. Wa kwetu ni Bibi. Anamsoma Rosalba kuanzia kucha mpaka nywele. Akishika pete, ana hatia. Asiposhika pete, ana hatia na tena hana aibu. Juzi alikunywa maji glasi mbili, Bibi akasema marehemu ndiye anayemkausha koo. Jamani, siku hiyo joto lilikuwa kali, hata jaji alikuwa anajipepea na faili.

"Ona, ona! Anaangalia saa," Bibi akasema. "Mtu asiye na kosa anaangalia saa ya nini?"

"Saa saba mchana hiyo, Bibi. Ana njaa."

"Njaa! Tambi zangu alikula akashiba, bakuli akalifanya lake. Nami kumdai mfiwa chombo siwezi, nina haya zangu."

Hapo nikaangalia pembeni, na nitawaambia kwa nini. Huku kwetu Sisilia nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu. Majirani wanapika kwa zamu, wanapeleka. Siku isiyo yako hupeleki kitu, maana utakuwa umemtukana mwenye zamu. Siku ya pili ya msiba wa Gaspare zamu ilikuwa ya Bibi. Akapika tambi za kuoka na biringanya, bakuli limejaa, akanipa nipeleke na pikipiki. Njiani nikamkuta rafiki yangu Saro amekaa pale uwanja wa mpira. Akafunua kitambaa, eti anuse tu. Tukanusa. Tukaonja kidogo pembeni, pasipoonekana. Halafu ikabidi tusawazishe upande wa pili. Na kusawazisha mnakujua wenyewe, hakuna mwisho mpaka chombo kiwe cheupe. Bakuli lenyewe liko kwa Saro, analikingia oili chafu ya pikipiki.

Nikajiambia, ah, mji mzima huu, mtu atakosaje chakula? Nikasahau kabisa.

Sasa kwenye runinga mwendesha mashtaka akasimama. Kamera ikamsogelea Rosalba mpaka ukaona mikunjo ya macho.

"Mama, siku ya pili ya msiba mashahidi wanne waliona moshi unatoka nyumbani kwako. Mila ya msiba unaijua vizuri. Ulikuwa unachoma nini? Shati lenye damu?"

Rosalba akafungua mdomo. Akaufunga. Akainama, akawa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Jaji akamwambia kesho asubuhi ndiyo nafasi yake ya mwisho kujibu swali hilo.

Bibi akapiga meza. "Mnaona! Kimya! Angekuwa na jibu si angelitoa?"

"Moshi huo ndio unaomfunga," Shangazi akasema. "Wakili wake mwenyewe kaishiwa maneno."

Mimi nikasogeza kiti mbali na Bibi. Maana jibu analo. Aseme tu, niliwasha moto kwa sababu sikuletewa chakula. Lakini akisema hivyo, mji mzima utauliza siku ile zamu ilikuwa ya nani.

"Bibi," nikasema, "alikuwa anapika."

"Nani?"

"Rosalba. Ule moshi. Alikuwa anapika, hakuna mtu aliyempelekea chakula."

"Hakuna mtu vipi, na mimi nilim..." Akanigeukia. Wiki tatu anamsoma Rosalba bila kupatia hata mstari mmoja, mimi alinisoma kwa mara moja. "Liborio. Mbona unameza mate?"

"Tulikula. Mimi na Saro. Zote."

Kitambaa cha jikoni kilinipata shingoni mara mbili. Cha tatu akasema ni cha Saro, nimpelekee. Shangazi mbio kufunga dirisha.

"Sauti, majirani! Hili halitoki humu ndani. Watasema nyumba ya Crocifissa ilimlaza mjane na njaa. Nani atatushika mkono kanisani?"

"Na akifungwa?" nikauliza.

"Ana wakili, anamlipa."

"Miaka thelathini, Shangazi! Kwa shibe yangu mimi!"

Bibi akaigeukia runinga. Runinga ilikuwa inarudia lile tukio, ile leso inakunjwa, inakunjuliwa. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kabla hawajamkamata," akasema taratibu, "kila tukikutana kanisani alikuwa anainamisha kichwa. Nikasema huyu ana kiburi. Kumbe ananionea haya mimi. Yuko pale kizimbani ananisitiri, mjinga yule, na mimi nimekaa hapa natafuna lozi namfunga."

"Kwa hiyo sasa hana hatia?" nikamchokoza.

"Ya tangini siyajui, sikuwepo. Ya moshi nayajua."

Shangazi akaenda kusimama mlangoni na sindano zake kama askari. "Haendi mtu popote."

"Nunzia, kaa ufume," Bibi akasema, naye akakaa. Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Vaa shati lingine. Hilo limetoboka, watasema na wewe hatukulishi. Nenda kwa wakili wake, Privitera, pale juu ya duka la dawa, kabla hajafunga."

"Watakucheka, Bibi."

"Watanicheka mimi? Mlafi ni wewe! Sema hivyohivyo. Sema bibi yangu alipika, na alipika mapema. Mwambie kulikuwa na mayai manne ya kuchemsha ndani, na jibini ya kondoo, siyo ile ya pakiti. Aandike."

"Wakili haandiki mayai, Bibi."

"Ataandika! Na mchuzi nilianza kuuchemsha tangu alfajiri, mwambie, na ile biringanya niliitia chumvi kwanza nikaiacha ichuje..."

Alikuwa bado hajafika kwenye rihani nilipotoka nikafunga mlango.