Pipa Lililooshwa

Asubuhi nilikuta pipa langu la chai ya mboji, yale maji ya mbolea ya kumwagilia mimea, likiwa tupu, tena limeoshwa likatakata.

Babu Septimus alikuwa hospitalini, amevunjika nyonga, na mimi ndiye niliyeachiwa liki zake, mboga za jamii ya kitunguu, nizifikishe kwenye maonyesho ya mwezi ujao. Katika vijiji vyetu vya machimbo ya makaa huku Durham, kaskazini mwa Uingereza, mtu atakusamehe mengi, lakini si liki. Mwaka jana kuna aliyekatiwa zake zote kwa kisu, na hadi leo watu wanaangaliana tu.

Mzee Hedley, jirani ambaye babu humshinda kila mwaka kwenye maonyesho hayo, alikuwa ameinama kwenye tuta lake.

"Mzee Hedley," nikasema, "umemwona aliyemwaga chai yangu?"

"Mimi." Hakuinua hata kichwa. "Pampu ya hewa ilizimika, mwanangu. Chai ikakosa hewa, ikaoza. Ilinuka kama soksi za mchimbaji! Ungezimwagia liki, wale watoto wa babu yako, ungewazika."

"Na pipa uliliosha la nini?"

"Ulitaka uozo uharibu na chai ya pili? Huko chuo cha kilimo mlikuwa mnasoma nini?"

Hilo nililisoma. Lakini nilijua pia kwamba pipa lililooshwa halina ushahidi. Na pampu ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa.

"Mbona inafanya kazi?"

"Nimekuwekea betri yangu. Yako imekufa."

Yangu niliichaji jana.

Akanisogezea ndoo. "Chukua hii yangu. Imeiva leo."

Niliinusa. Ilinukia udongo baada ya mvua, kama inavyotakiwa. Lakini chumvi, inayoua mimea, haina harufu.

"Anza na zako," nikasema.

"Wewe ni Septimus kabisa," akasema. Kisha akamimina nusu ya ndoo kwenye liki yake nene kuliko zote, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

Nusu iliyobaki nikazimwagia za babu. Halafu nikaketi kuzilinda.

"Ukichoka kunichunga," akaita kutoka kibandani kwake, "kuna mkate na jibini!"

Nilikwenda, kwa sababu nilimwonea huruma kula peke yake. Ila kiti nilikigeuza kielekee liki.