Hita Plagi Nne

Ilikuwa arobaini ya mke wangu Vetka, na gari liligoma kuwaka. Makaburi ya kwao yako ng'ambo ya mlima, na padri alishaniambia ikifika saa nne hasubiri mtu. Ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kugawa makaburini, nilikuwa nimeipakia kiti cha mbele, mahali alipokuwa akikaa yeye. Nyumbani nilikuwa nimebaki mpweke kiasi cha kugombana na redio.

Nikampigia Rangel, fundi wa kijiji cha chini. Alifika akipuliza vidole, nami nikamweleza kwamba gari ni zima, dizeli kama hii haitengenezwi tena, na ile taa ya manjano ya kupasha injini inawaka na kuzimika vizuri tu. Akasema taa hiyo inahesabu sekunde, haijui kama kuna joto. Alifungua bati linalounganisha hita plagi nne zinazopasha injini joto, akabana waya wa taa yake ya majaribio kwenye chanya ya betri, akagusa plagi moja moja kwa ncha. Taa yake haikuwaka hata mara moja.

“Mzee Ninko, hizi hazikufa jana. Zina miaka. Baridi zote hizi ulikuwa unaliwashaje?”

Nilimjibu kwa majivuno, maana mimi ni mtu wa kujisifia ujinga. Mtaa wetu una mteremko. Asubuhi unapiga honi mara mbili, majirani wanatoka, wanakusukuma hadi ukingoni, unaingiza gia ya pili, linawaka, basi. Kisha akina Petko wakahamia Ujerumani, na mapacha wa nyumba ya pili wakawafuata.

“Na mwaka jana?”

Nilitazama madirisha yaliyopigiliwa mbao, nyumba baada ya nyumba. Mwaka jana nilipiga honi mara mbili kama kawaida, naye akatoka na aproni yake.

“Vetka,” nikasema.

Rangel alirudisha bati. Akaniambia nipande, yeye atasukuma. Nikamwambia apande yeye.

Hadi ukingoni ni hatua ishirini za tambarare. Nilisukuma kwa mikono, kisha kwa bega. Hatua ya nane ikanishinda, nikasimama nikihema.

“Umekanyaga breki?”

“Sijakanyaga, mzee. Ndivyo lilivyo.”

Nikaweka bega tena, nikamwomba Vetka msamaha kwa sauti, nikasukuma.