Majina Mawili ya Wasso

Anitha, mchapaji wa Karatu ambaye hakuna msiba uliompita, aliiona kompyuta ya parokiani, yenye Linux, uchafu mtupu. Ile ya kibandani kwake, yenye Windows, ilikuwa imeyaficha tu, bila kuyafuta kabisa, majina mawili ambayo Thadei, mdogo wa marehemu, alimwamuru ayafute kwenye wasifu wa kusomwa mazishini. Lakini printa yake iligoma, akakimbilia parokiani na flashi. Faili lilipofunguka, majina yakatokea yamepigwa mstari mwekundu wa kufuta: Senteu na Sifa, watoto aliowazaa marehemu nje ya ndoa kule Wasso.

"Yafute bwana, dada! Aibu hiyo isomwe mbele ya jeneza?" Thadei, aliyemfuata hadi parokiani, alifoka.

Anitha alichungulia dirishani. Wale watoto walikuwa nje, vumbi la basi hadi kwenye kope, wamekuja kumzika baba yao.

"Mashine yenyewe hii siijui, kaka," alisema, akauondoa mstari, akayaacha majina, akatoa nakala mia.