Kata ya Ndani ya Kichwa

Usingizi wa dawa hauji kama ule wa nyumbani. Unampandia Bibi Doto kutoka mkononi, pale alipochomwa sindano, unamfika kooni, na kabla haujamfumba macho anamsikia mjukuu wake Kabula mlangoni akimtania, mke mwenzangu, ole wako uniachie yule mzee peke yangu, na yeye anataka kumjibu, mpikie tu, si ulimtaka mwenyewe, lakini kitanda kimekuwa barabara, na barabara ni nyekundu, ina joto, inakwenda. Inapandia pajani, maana huko ndiko daktari alikosema watapita: hatupasui fuvu, bibi, tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani, pale mshipa wa huko ulipovimba kama mpira wa baiskeli uliochoka tunapajaza waya laini, damu isipasukume tena. Na ukipasuka kabla? Bibi aliuliza, na daktari akatazama viatu vyake. Pacha wake Bibi, Kulwa, mshipa ulimpasukia kisimani, ndoo kichwani, akadondoka bila hata kusema nakufa.

Mbele yake anakwenda mtu mrefu, mwembamba kama uzi, hana uso. Wewe nani? Mimi ndiye niingiaye bila kubisha hodi. Umebeba nini? Kata. Bibi anasimama. Kumbe umekuja kunikata! Kata yangu haikati, anasema asiye na uso, wenzio huiweka juu ya kichwa ndoo isiwaumize, mimi naiweka ndani. Barabara inagawanyika, inagawanyika tena, nyumba zinachomoza huku na huku, kuta zake vioo vitupu, na katika kila kioo anayetembea si yeye, ni Kulwa, bado kijana, kanga imelowa. Umechelewa, anasema Kulwa. Nilitangulia kuzaliwa ukafuata, nilitangulia kuota meno ukafuata, nikaolewa ukafuata, sasa mbona unanisimamisha njiani miaka yote hii? Nilikuwa na watoto, dada. Hata mimi nilikuwa nao, anasema Kulwa, ukawalea wewe, wakakuita mama, jina langu halitajwi tena na mtu. Nyuma ya kioo ukuta unapumua, unavimba, umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na asiye na uso ameinama hapo anazungusha waya wake, duara ndani ya duara, kama mwanamke anayesokota kata ya majani, na ukuta unatetemeka. Apite mmoja, anasema bila kugeuka, nafasi inajaa. Kulwa ananyoosha mkono. Ni mkono wa baridi, ni mkono wake mwenyewe Bibi, anaushika, hajui kama anamvuta dada yake atoke au yeye ndiye anavutwa aingie, na kioo kinakuwa maji, na maji yanajifunga.

Taa nyeupe. Paja linauma. Bibi, unanisikia? anauliza daktari. Hebu tuambie jina lako. Jina analijua, liko ulimini, analitaja. Kulwa.

Daktari anamgeukia Kabula. Ndilo? Kabula anacheka, kicheko kinamfia mdomoni. We mke mwenzangu, acha utani wako hapa. Lakini bibi hatanii. Anamtazama binti huyu mzuri anayeanza kulia, anatamani kumwuliza ni mtoto wa nani, na mbali, nyuma ya taa, anamsikia Doto akiita, dada, nisubiri.