Mama Mkwe na Vipima Mwanga Viwili

Mama mkwe wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, kumi na mmoja ya mwisho akiwa mwalimu mkuu, na tangu niolewe na mwanawe alishikilia kwamba kupiga picha si kazi, ni mchezo wenye risiti. Kwa hiyo shule yake ilipotaka picha yake kubwa kama mlango, ya kutundikwa ukumbini siku ya kumuaga, ikabidi aje studio kwangu. Nikaapa: leo ataiona kazi, na atatamka kwa kinywa chake.

Shida ni kwamba filamu ilikuwa imebaki moja. Kamera yangu kubwa hula karatasi nzima ya filamu kwa kila picha, na kasha jipya lilikuwa halijafika.

Alikuja asubuhi, baba mkwe nyuma yake amebeba mkoba, mwavuli na viatu vya akiba. Nilikuwa naunganisha kamera: reli, fremu ya mbele yenye lenzi, fremu ya nyuma yenye kioo cha ukungu, na katikati mvukuto, ule mfuko wa ngozi wenye mikunjo.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ndivyo inavyoundwa, kipande kwa kipande."

"Basi aliyekuuzia alikuonea."

Nikamweka baba mkwe kitini kwanza ili nipange picha. Mama mkwe hakungoja kukaribishwa. Alijifunika kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga kilichoning'inia nyuma ya kamera, akachungulia kioo. Mara kitambaa kikaanza kutikisika. Kwenye kioo cha kamera hii mtu huonekana kichwa chini miguu juu, na mzee alikuwa ananing'inia humo pamoja na mwavuli wake. Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea reli, nikalazimika kupanga kila kitu upya.

"Miaka arobaini na mitatu ya ndoa," akasema akifuta machozi, "kumbe sikuwahi kumtazama vizuri."

Akakaa yeye. Nikamwekea kipima mwanga cha mkono karibu na kidevu.

"Sina homa," akasema.

Kikaonyesha nusu sekunde, muda wa kuiacha lenzi wazi. Kwa kutaka kujionyesha, nikatoa na cha pili, kijiti kirefu kinachochomekwa nyuma ya kamera na kupima mwanga palepale filamu itakapokaa. Hicho kikaonyesha sekunde nzima.

Nikarudia. Nusu. Nzima. Nikabadilisha betri. Vilevile. Nikifuata kilichodanganya, filamu imekwisha, na ukumbini watatundika mwalimu mkuu asiye na sura.

"Mbona vinapingana?" akauliza, kwa sauti ya ubaoni.

"Kimoja kibovu, Mama."

"Usikimbilie kulaumu. Cha kwanza kinapima wapi?"

"Kwako, kidevuni."

"Na cha pili?"

"Ndani, mwanga ukishapita kwenye..." Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka uso ujae kwenye picha, hivyo nilikuwa nimeuvuta mvukuto sana, na mwanga ukisafiri mbali hupungua njiani. Hilo ni somo la wiki ya kwanza! Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane, na mbele ya mwanamke huyu mmoja likanitoka kichwani lote.

"Bila kuvutwa, lenzi yako hukaa umbali gani na filamu?"

"Sentimita ishirini na moja."

"Na huo mfuko umeuvuta mpaka ngapi?"

"Thelathini."

Akafumba macho. "Gawanya, jibu lizidishe kwa lenyewe. Mbili na chembe: mwanga umebaki nusu, muda uwe mara mbili. Hakuna kibovu hapo. Shika sekunde nzima."

Nikafunga lenzi, nikaweka filamu, nikavuta kifuniko chake. Sekunde nzima bila kutikisika. Lakini kila Mama alipomtupia mzee jicho, mabega yalianza kucheza kwa kicheko. Mara ya kwanza nikangoja. Mara ya pili nikangoja. Mara ya tatu hasira zikanipanda, nikasahau niko mbele ya nani.

"Mama, tulia!"

Baba mkwe aliangusha mwavuli. Mama mkwe akanikazia macho. Kisha, taratibu, akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani na kuitazama lenzi kama mtoto wa darasa la kwanza, kicheko kikiwa bado kimembakia midomoni. Nikabonyeza.

Niliisafisha filamu gizani. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nilipompelekea nakala ndogo, aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii ni kazi," akasema.

Nililia, sifichi. Wiki mbili nikatembea kifua mbele. Asubuhi baada ya kasha jipya la filamu kufika, nikamkuta mlangoni mwa studio, daftari kwapani, na nyuma yake walimu wastaafu sita wamepanga mstari wakingoja kupigwa picha.

"Umechelewa dakika nne," akaniambia. "Kazi kama hii haitaki uzembe. Fungua tuanze."