Kulungu Aliyenona

Gaylen Tollefsrud alikuwa akisugua kinu cha kusagia nyama simu ilipolia. Aliipokea kwa kidole kidogo, maana vingine vilikuwa na mafuta. Alikuwa Duane, mwindaji anayekuja kwetu kutoka mjini kila Novemba, na habari yake aliitoa huku akicheka: majibu yametoka, yule dume wake ana ugonjwa.

"Na alivyonona yule, bwana! Wewe mwenyewe ulimsifu. Basi itupe tu nyama yote, mwakani Mungu akipenda."

Gaylen akasema sawa. Akakata simu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Tuelewane. Ugonjwa huu wa kukondesha kulungu ulipoingia kwenye vilima vyetu, wengi tulidhani tutamjua mgonjwa kwa mbavu, kwa udenda, kwa kusimama ameduwaa barabarani. Kumbe mnyama anaweza kuubeba mwaka mzima na zaidi, huku manyoya yanang'aa! Ndiyo maana anayeua hukata kichwa akakiacha kwenye pipa la serikali pale kituo cha mafuta, kikapimwe. Kama yupo mtu aliyewahi kuugua kwa kula nyama hiyo, hatujasikia. Lakini walioisomea wanasema usile, na kwamba kupika hakusaidii, na Gaylen hakuwa mtu wa kubishana na waliosoma. Ukutani kwenye banda lake aliandika kwa rangi nyekundu: KULUNGU WAKO NI WAKO. HAKUNA KUSAGA KABLA YA MAJIBU. Kwa maneno hayo tulimpelekea nyama zetu miaka yote, hata sisi tuliochoshwa na ukaidi wake.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, tena kwa huruma. Arlys Skaar, mjane wa rafiki yake Norbert, alimletea kulungu wa kwanza kumwua maishani, kwa bunduki ya marehemu. Jike dogo, jembamba. Watoto wake watatu walikuwa wanakuja kwa Krismasi, ya kwanza bila baba yao, naye alitaka soseji za mbegu za haradali kama zile alizozipenda Norbert. Nyama ya kusaga haikujaza hata nusu ya mashine. Gaylen angemwambia hivyo, yakaisha. Lakini aliona haya kumpa mjane vifurushi vinne. Akachota kwenye ndoo ya Duane, nyama nyekundu, nzuri kabisa, akachanganya, akamkabidhi vifurushi kumi na sita. Arlys alilia kidogo pale pale bandani. Wiki iliyofuata akapiga simu kwa furaha kumwambia kwamba kulungu wake amepimwa, hana kitu.

Na kunyamaza kungekuwa rahisi, nisiwadanganye. Duane hajui, Arlys hajui, kinu hakisemi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, lakini haya huenda yasingemuumbua mtu kamwe. Gaylen aliliwaza hilo mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akavaa koti, akachukua gunia jipya, akawasha gari.

Alipofika, Arlys alikuwa jikoni. Harufu ya haradali ilimpokea mlangoni.

"Shemeji, umekuja na njaa au umekuja na maneno?" aliuliza, akigeuza kikaango. "Keti basi. Nazionja, watoto wasije wakanicheka kesho."

Hakuketi. Aliyasema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, tangu ndoo ya Duane mpaka simu ya asubuhi ile, na neno huruma hakulitaja. Arlys akazima jiko. Akahesabu kwa sauti ndogo: vifurushi viwili alikwisha kula, kimoja alimpelekea mchungaji.

"Mchungaji utamwambia mwenyewe," alisema.

"Nitamwambia."

"Ungenipa vinne vyangu, Gaylen. Ningefurahi na vinne."

"Najua."

"Hukujua. Ulinihurumia, ukadhani mjane haridhiki." Akajifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Norbert angekuwepo asingekusema hata neno moja. Kwa hiyo nakusema mimi."

Gaylen aliinamisha kichwa. Aibu ilimwingia vibaya, akatamani atukanwe, iishe.

Arlys hakumtukana. Alifungua friji kubwa ya ukumbini, akaanza kutoa vifurushi kimoja kimoja, kila kimoja amekibandika jina la mtoto wake: Corliss, Todd, Merrit, tena Corliss. Gaylen alishika mdomo wa gunia. Soseji za kwenye kikaango nazo zikaingia, za moto. Mwisho akatoa furushi moja refu la karatasi nyeupe, lenye mwandiko wa Gaylen mwenyewe: ARLYS, MGONGO. Ni nyama laini kuliko zote, na hiyo haisagwi.

"Na hii?"

"Hiyo haina kosa, shemeji. Ni ya kulungu wako peke yake. Niliikata kabla sijamgusa mwingine, kwa kisu kilichooshwa. Naapa."

Arlys alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokuwa amekizoea pale. Kisha akaitia gunini pamoja na zingine.

"Watoto nitawapikia samaki," alisema.

Njiani kurudi Gaylen aliendesha polepole, gunia likiwa kando yake kitini. Penye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa akasimamisha gari. Kulungu wanane walikuwa juu ya theluji, karibu kabisa na uzio. Kwa mazoea akaanza kuwakagua, mbavu, miguu, shingo, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wamenona. Waliinua masikio wakamtazama, kisha wakarudi kwenye punje zilizomwagika, pua zikigusana.