Viazi vya Verna na Riwaya Mbili

Katika kundi la wasomaji la maktaba ya mji mmoja wa viwanda huko Ohio, Marekani, kila mtu huja na chakula, na kila mtu anajua siri ya vyakula hivyo: ambaye hakusoma kitabu ndiye huleta sahani kubwa. Aliyesoma angepata wapi muda wa kupika?

Jioni hiyo meza ilielemewa. Verna Szalai aliitazama akachemka. Walitakiwa kuchagua riwaya moja ya kuwazawadia vijana wanaomaliza sekondari, mjukuu wake akiwamo. Mwenyekiti, Ardith Koehler, alitaka ile ya mvulana anayetoroka kwao, anazurura kwa treni, anarudi mtu mzima. Verna alitaka ile ya msichana anayeingia kiwandani angali mtoto, akakomazwa na mgomo.

“Mada ya kitabu changu ni uhuru,” alisema Ardith. “Mhusika anajitafuta.”

“Anajitafuta kwa sababu kashiba! Mashati alifuliwa na nani? Kitabu kizima mama yake hana hata jina! Baba zetu walipogoma walipigwa virungu getini pale kiwandani, kiwanda kikafungwa, wakubwa wakaondoka na suti zao. Leo tuwape watoto hadithi ya kudandia treni? Treni yenyewe haisimami hapa tena!”

Watu wakacheka. Verna akazidi kupanda. “Na ninyi na mabakuli yenu! Hamjasoma, mnataka kupiga kura!”

Ardith akainuka taratibu, akafunua sinia moja. Viazi vya jibini, vya kutosha kikosi kizima cha zimamoto.

“Hili la nani, shoga?”

Lilikuwa la Verna.

“Mama wee! Kitabu changu hujakisoma?” Ardith akauliza.

“Mwalimu alitaka kunilazimisha kukisoma mwaka sitini na tisa. Jalada tu lilinitosha.”

Chumba kizima kikaangua kicheko, Verna mwenyewe akashindwa kujizuia. Kura ikaahirishwa wiki moja.

Wiki hiyo Verna alisoma kwa ugomvi, akimtukana mvulana mezani, kitandani, hadi saluni. Kisha akafika pale ambapo mvulana, peke yake ndani ya behewa, anajaribu kukunja shati lake, anashindwa, na anaikumbuka mikono iliyokuwa ikilikunja. Verna akavua miwani.

“Mshenzi wewe,” akamwambia. “Umechelewa, lakini umefika.”

Juma lililofuata mezani palikuwa na pakiti moja ya chipsi. Wote walikuwa wamesoma! Wakabishana kwa njaa, sauti juu, kama mkutano wa chama cha wafanyakazi enzi zile.

“Huyo msichana wako,” Ardith akasema mwishowe, “anapogoma kuondoka getini hata meneja anapombembeleza... Verna, baba yangu alikuwa meneja wa kiwanda chetu.”

“Nakumbuka. Sijasahau hata kofia yake.”

“Basi kura yangu nampa msichana.”

Mikono ikainuka chumba kizima, wa Verna ukiwa wa mwisho, maana alikuwa anapangusa macho.

“Mjukuu wangu nitampa na kitabu cha yule mvulana pia,” akanguruma. “Ila kwanza ajifulie mashati. Haya, leteni hizo chipsi. Na tugawane sawasawa, mwenyekiti!”